Mguu wa Dada Unaokaidi Kompyuta

Karakana ya Miguu ya Bandia,
Chumba cha Kompyuta (mlango wa pili ukishapita chumba cha plasta),
Alhamisi, asubuhi.

Kwa Dada Mkubwa,
Nyumbani kwa Mama.

Nakala: Mama; Shemeji; Bosi wa karakana; Jalada.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MGUU WAKO WA KUSHOTO KWA KUKATAA MATOKEO YA KOMPYUTA

Dada yangu mpendwa, shikamoo.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote walio hapo nyumbani, isipokuwa mguu unaohusika, ambao sitarajii kuukuta katika hali ya ushirikiano. Najua si kawaida mdogo mtu kumwandikia dada yake barua yenye nakala. Najua pia kwamba wewe ndiye uliyenisomesha, na kwamba kutoka hapa karakana hadi hapo nyumbani ni mwendo wa dakika ishirini tu, ningeweza kuja tukaongea. Lakini nimekuja kuongea mara tatu, na mara zote tatu nimeondoka nikiwa nimeshindwa, nimeshiba, na nimefungiwa chakula cha kwenda nacho. Kwa maandishi nina nafasi nzuri zaidi.

Kwa faida ya watakaosoma nakala, nieleze kwa ufupi. Miezi saba iliyopita ulipata ajali, mguu wako wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Mimi ndiye mchoraji wa kompyuta katika karakana hii inayotengeneza miguu ya bandia. Ninachochora ni kile tunachokiita kikombe, yaani sehemu ya juu ya mguu wa bandia, ile inayoupokea mguu wa mtu pale ulipoishia. Mzee wa Plasta huchukua umbo la mguu kwa plasta, plasta hupitishwa kwenye skana, kisha umbo huingia kwenye kompyuta yangu, nami nalichonga humo kwa kipanya. Mlangoni kwangu pana kibao kinachosema "Mtaalamu wa Maumbo Yaliyopinda". Nilikiandika mwenyewe, lakini hakuna aliyekibandua mpaka leo.

Jumatatu shule inafunguliwa. Wewe ni mpishi wa shule, kazi ya kusimama tangu alfajiri mpaka sufuria la mwisho lisuguliwe, na Mwalimu Mkuu amesema wazi kwamba nafasi yako ameishikilia miezi saba na hawezi tena. Usipofika Jumatatu ukiwa umesimama kwa miguu miwili, jiko atapewa mwingine. Kwa hiyo jambo hili ni la haraka, na ndiyo maana nimeona nisipoteze muda kutengeneza kikombe kingine, bali niandike malalamiko.

Malalamiko yenyewe ni haya:

1. Mguu wako hauheshimu rangi.

Kabla kikombe hakijatengenezwa, programu yetu hufanya jaribio la kuigiza. Humchukua Mtu wa Mfano aliyemo ndani ya kompyuta, humvisha kikombe, humsimamisha, humtembeza, kisha hupaka rangi: nyekundu panapobana, njano pa kuangalia, kijani pa salama. Kikombe chako kilitoka kijani juu mpaka chini, mbele mpaka nyuma. Miaka sita ya kazi sijawahi kuona kijani kama kile. Nilikichapisha nikakibandika ukutani. Wenzangu hapa huniita Profesa Kijani, na nimeamua kuamini kwamba wananisifu.

Wewe ulikivaa, ukapiga hatua mbili, ukasema, "Kinauma." Naomba uuelewe uzito wa tamko hilo. Ulikuwa umesimama katikati ya kijani, mbele ya watu, ukidai ni nyekundu.

2. Maumivu yako hayana adabu ya kuhama.

Yako mahali pamoja, upande wa nje, vidole viwili chini ya goti. Nilipokuja mara ya kwanza yalikuwa hapo, mara ya pili hapo, mara ya tatu hapohapo. Maumivu ya kweli, kwa jinsi ninavyoelewa mimi ambaye sijakatwa mguu, hutembeatembea. Isitoshe, kila mara umeonyesha kwa kidole kimoja. Kidole kimoja hakivunji chawa, sembuse ripoti ya kurasa kumi na nne yenye picha. Nilipokueleza hivyo ulinijibu, "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti." Ni msemo mzuri, lakini kitaalamu hauna nguvu, maana hakuna maiti aliyewahi kuwasilisha ripoti.

3. Hujathamini ulaini.

Watu hudhani kuchora kitu kilichopinda ni mchezo. Ubao ulionyooka hata mtoto anauchora. Mguu wa mtu hauna mahali palipo bapa. Unapinda kwenda mbele huku ukipinda kwenda kando, na papo hapo unajisokota. Na kompyuta, kwa siri ambayo wateja hatuwaambii, haijui kupinda. Inachojua ni pembetatu ndogondogo, bapa kama vigae, ambazo inazipanga kwa maelfu mpaka jicho lidanganyike. Umbo lako lina pembetatu elfu arobaini. Lilipotoka kwenye skana lilikuwa na matuta na mabonde kama barabara isiyo na mwenyewe.

Nilikaa nalo siku mbili nzima. Kuna kitufe cha kulainisha, ambacho wengine hukibonyeza mara moja wakaenda zao kula. Mimi nilikibonyeza mara tatu, na pale palipobaki na kituta nikapitia kwa mkono, pembetatu kwa pembetatu, mpaka mwanga wa skrini ukateleza juu ya umbo bila kukwama popote. Bosi alipita, akasimama nyuma yangu, akasema, "Sasa huu ndio mguu." Nilitaraji mwenye mguu naye aseme neno kama hilo. Ulitazama picha ukasema inafanana na biringanya.

4. Mguu wako hubadilika bila taarifa.

Asubuhi unataka soksi moja ndani ya kikombe, jioni unataka tatu, eti umesinyaa. Mtu wa Mfano anavaa soksi ileile tangu nilipomvalisha, na hajawahi kusinyaa hata siku moja. Mguu unaojiheshimu huchagua ukubwa wake, ukatulia nao.

5. Umeuita mguu wa bandia "mgeni", na humtendei kama mgeni.

Mila inajulikana: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe siku ya tatu ulimpa uvungu wa kitanda. Nilimkuta huko nyuma ya ndoo na viatu vya Shemeji, amelala kifudifudi. Sitaki kusema mengi, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba kile kiatu cha kushoto, kile kipya ulichonunua kwa ajili ya siku ya kurudi kazini, ulikuwa umemvua.

6. Mama.

Hili ndilo lalamiko zito, na naomba nakala ya Mama isomwe kwake taratibu, na mtu ambaye hatacheka.

Jumapili iliyopita Mama, ambaye hajui kuwasha kompyuta wala hajaomba kufundishwa, alichukua tupa ya Shemeji, ile anayonolea panga, akakaa kwenye kigoda jikoni na kikombe changu mapajani. Akakuuliza, "Wapi, mwanangu?" Ukamwonyesha. Akakwangua kikombe kwa ndani mpaka pakawa na kishimo kinachoweza kulaza ncha ya kidole gumba. Hakupima. Hakuhifadhi nakala. Alipomaliza alipuliza vumbi, akakifuta kwa pindo la kanga yake, akasema, "Haya, jaribu."

Kwa mujibu wa Shemeji, uliinuka. Ukatoka jikoni ukaenda mpaka getini bila magongo. Ukageuka, ukarudi. Ukaenda tena. Mama alilia, na Shemeji akazunguka nyuma ya nyumba akidai anatafuta kuni, katika nyumba inayopikia gesi.

Nilipopata habari hizo nilikuja mbio, na mbele ya macho yenu nikakitwaa kikombe hicho kwa sababu za kiusalama. Nilikiingiza kwenye programu pamoja na kishimo chake, na programu, kama nilivyotarajia, ikapaka njano, kwa kuwa ukuta wa kikombe umepungua unene. Nikatengeneza kipya, sawasawa na kile cha kwanza, kijani kitupu, nikakuletea Jumanne. Ulikivaa. Hukusema kitu. Ulikivua, ukakiweka mezani polepole, ukamwomba Mama akusogezee magongo. Naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba hata kule kunyamaza nakulalamikia. Ungenitukana ningejua pa kuanzia.

7. Mtu wa Mfano amekushinda tabia.

Ametembea hatua milioni mbili katika kikombe kilekile. Uzito wake ni wako, nilimpa mimi, pamoja na zile kilo tatu ulizozificha siku ya kupimwa. Nimempandisha ngazi, nimemshusha, nimemsimamisha saa nane mfululizo kama mtu aliye jikoni. Hajaguna. Nilipokusimulia habari zake ulisema, "Basi Jumatatu mwambie huyo akapike." Pendekezo hilo nililichunguza kwa moyo mweupe. Programu haina jiko.

Baada ya kuyapima hayo yote, nimefikia uamuzi kwamba kosa haliko kwenye kikombe, na kwa kuwa haliko kwenye kikombe, haliwezi kuwa kwingine ila kwenye mguu. Nawasilisha maombi yafuatayo.

Kuanzia sasa, ukipatwa na maumivu, usiseme "hapa". Jaza fomu niliyoambatanisha, ukitaja umbali kutoka gotini kwa milimita na rangi unayodhani maumivu yako yangekuwa nayo. Maumivu yasiyo na fomu yatachukuliwa kuwa ni maoni.

Mama akabidhi tupa kwa Shemeji, na Shemeji akabidhi tupa kwangu.

Na la mwisho, ambalo nimelifikiria kwa muda mrefu kwa sababu ya mapenzi niliyo nayo kwako: nimemwandikia daktari wa upasuaji aliyekutibu. Rasimu iko mezani. Nimemwomba kwa heshima auangalie upya upande wa nje wa mguu, vidole viwili chini ya goti, na kama kuna chochote humo kinachozidi mchoro wangu, akipunguze kwa milimita sita ili mguu ulingane na faili. Najua utashtuka. Lakini fikiria kwa utulivu: mguu ni mmoja, ni wako, na uko nyumbani muda wote. Faili limeshahifadhiwa mahali panne, lina sahihi ya Bosi, na kulifungua upya kunahitaji idhini ya watu watatu, mmoja wao yuko likizo. Kati ya hivyo viwili, kipi ni rahisi kurekebisha? Asiyekubali kushindwa si mshindani, Dada, na mimi nakushauri ukubali.

Nisalimie Mama, pamoja na yote yaliyotokea. Nisalimie Shemeji na wanao, na yule wa mwisho mwambie magongo ya mama yake si bunduki. Msalimie fundi cherehani wa jirani anayekuja kukutazama kila jioni, na Mwalimu Mkuu ukimwona kabla yangu, umweleze kwamba suala lako liko kwenye ngazi ya kitaalamu.

Wako katika usahihi,

Mdogo wako,
Mtaalamu wa Maumbo Yaliyopinda.

Tanbihi, imeandikwa mchana wa siku hiyohiyo.

Dada, usisome huko juu. Kama umeshasoma, samahani.

Niliona barua nzito namna hii inahitaji shahidi, nikampelekea Mzee wa Plasta aitie sahihi. Aliisoma yote amesimama, mikono imemkaukia plasta mpaka kwenye viwiko, akaugeuza ukurasa wa mwisho kuona kama kuna kingine nyuma. Hakucheka. Aliniambia, "Kunja suruali." Nikakunja. Akaweka kidole gumba kwenye mguu wangu, upande wa nje, vidole viwili chini ya goti, akabonyeza. Niliruka. Akaniuliza hicho kituta ni nini, nikamwambia ni mfupa. Akasema, "Kila mtu anao. Wa dada yako umeupeleka wapi?"

Nimefungua umbo lako la kwanza kabisa, lile la kabla sijaligusa. Kituta kipo, dhahiri. Mzee anasema alikizungushia duara kwa penseli ya zambarau kwenye plasta, ili kisije kikapotea. Skana yetu haioni rangi, na mimi katika siku zile mbili sikuinuka hata mara moja kwenda chumba cha plasta kuitazama yenyewe. Nilidhani ni donge. Nilikisawazisha kwa mkono, pembetatu kwa pembetatu, huku nikipiga mluzi.

Na Mtu wa Mfano, yule mwenye tabia njema, nilimpa mguu huohuo niliokwisha kuulainisha. Maana yake nilitengeneza kikombe mimi, nikatengeneza mguu mimi, nikaviuliza kama vinapatana, vikajibu vinapatana sana. Hakuwa na mfupa wa kumuuma. Ningemtembeza mpaka mwisho wa dunia angerudi ananishukuru.

Mama, kwa tupa ya panga, alikwangua palepale. Mzee amekipitishia kidole kile kishimo chake, akasema yeye mwenyewe angekwangua hapohapo kwa kina hichohicho. Alichoongeza ni msasa kidogo kwenye kingo. Unene uliobaki ameupima, unatosha. Ile njano ya programu ilimaanisha "angalia", na mimi sikuangalia.

Malalamiko yote saba nayaondoa. Rasimu ya daktari nimeichana, haikuwa imetoka mezani. Barua hii pia ningeichana, lakini Shemeji alipita hapa saa nne akachukua nakala yake na ya Mama, na Mama hasahau. Kikombe alichokikwangua nilikuwa nimekifungia kabatini kikiwa na karatasi iliyoandikwa "Kielelezo". Nimekitoa. Nitakuletea kesho asubuhi, utembee nacho Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, mimi nikiwa pembeni, na Jumatatu uende nacho kazini. Kingine kipya tutakitengeneza taratibu, Mzee akiwa amekaa karibu yangu, naye ndiye atakayesema lini kimekwisha.

Kuna jambo moja ambalo Mzee aliniuliza sikuweza kumjibu. Aliniuliza, "Mguu wa dada yako ukiushika ukoje? Una joto? Ni mgumu wapi, ni laini wapi?" Miezi saba, Dada, sijaushika. Hospitali nilikaa nje kwenye benchi nimekumbatia mfuko wa nguo zako, nikasema mtu lazima aulinde. Nyumbani ukibadilisha bandeji nilikuwa naenda kuangalia kama geti limefungwa. Na siku ya kuchukua umbo, kazi ambayo mchoraji anatakiwa awepo, nilimwambia Mzee kompyuta itanitosha. Niliogopa. Kwenye skrini haukuwa mguu wako. Lilikuwa umbo tu, na umbo niliweza kulitazama kutwa nzima.

Kesho nikija usiufunike. Nitanawa mikono kwanza, halafu naomba uniachie niushike mpaka niujue. Nikilia, nicheke kidogo tu.